D Yangu ya Fizikia

Jumapili moja mwezi wa nne nilikuwa hosteli hapa Upanga nafua makoti yangu ya kliniki, simu ikaingia ujumbe. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko kidato cha nne huko nyumbani. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Fomu za machaguo zimekuja. Nataka niwe daktari wa meno kama wewe. Nijaze PCB au CBG? Wenzangu wengi wanajaza CBG kwa sababu fizikia mwalimu hatuna."

Nilisoma ule ujumbe mara tatu, povu likanikaukia mikononi. Swali hilohilo nilikuwa nalo mimi mwaka 2016, tofauti ni kwamba sikuwa na dada wa kumuuliza. Nikajijibu mwenyewe kwa dakika tano, na zile dakika tano zimenigharimu miaka mitatu. Kabla sijamjibu mdogo wangu niliona niipange vizuri hadithi yenyewe. Baadaye nikaona na nyie muisome, maana nyumbani kwenu pia kuna mtu ameshika kalamu na hiyo fomu.

Kwetu ni Shighatini, Ugweno, Wilaya ya Mwanga, juu kwenye milima ya Upare wa Kaskazini. Ukisimama kwenye migomba upande wa mashariki unaliona Ziwa Jipe chini kabisa, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro unauona kama uko jirani. Chuoni nikisema mimi Mpare, watu wanajua mambo matatu tu: Same, makande na kesi. Kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Haya, sikatai. Basi hii ichukulieni ndiyo kesi yangu.

Mambo ya meno yaliniingia kichwani nikiwa kidato cha pili. Mama aliumwa gego. Siku ya kwanza alisukutua maji ya chumvi, siku ya tatu shavu likavimba, usiku tukawa tunamsikia anatembea ndani ya nyumba. Tukateremka naye kwa gari la alfajiri. Kituo cha kwanza tuliambiwa mtaalamu wa meno yuko semina, turudi Alhamisi. Alhamisi tukarudi, dawa ya ganzi imeisha. Safari ya tatu ndiyo jino likang'oka. Na lilipong'oka, yaani kazi yenyewe, kuanzia sindano mpaka pamba, haikufika nusu saa. Nilikaa kwenye benchi nikajiuliza: kitu cha nusu saa kimetula vipi wiki mbili, nauli tatu, na mama hajalala? Nikasema mimi nitakuwa yule mtu aliyekuwa semina, ila mimi nitakuwepo.

Ndoto ilikuwa hiyo. Sasa tuje kwenye fizikia.

Mwalimu wetu wa fizikia alihama tukiwa kidato cha pili, na aliyemrithi hakuja. Tulifundishwa kwa vipindi na kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Alijitahidi sana, lakini alikuwa mmoja kwa madarasa manne, na kilipofika chuo akaondoka. Mada za kidato cha tatu na cha nne tulizisoma wenyewe, kwa kunakiliana madaftari. Kwa hiyo fomu ya machaguo ilipoletwa, darasa zima tulikuwa na hesabu moja kichwani: kombi gani ina sayansi lakini haina fizikia? Jibu likawa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Mtu mmoja akasema, "Si ina kemia na biolojia? Udaktari ndio huo huo." Hakuna aliyempinga. Nikajaza. Matokeo yakatoka mwezi wa kwanza 2017: biolojia B, kemia C, hisabati D, fizikia D. Ile D ya fizikia niliionea aibu, nikafurahi kwamba sitaonana nayo tena.

Miaka miwili ya CBG niliisoma kwa raha. Niseme ukweli, si kombi mbaya hata kidogo, na nitarudi kwenye hilo. Mwezi wa saba 2019 matokeo ya kidato cha sita yakatoka: Kemia B, Biolojia B, Jiografia A. Kwa hesabu ya udahili A ni pointi 5, B ni 4, kwa hiyo nilikuwa na pointi 13. Baba alichinja kuku wawili. Jirani akaanza kuniita daktari.

Wiki hiyo hiyo nikapakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU kwenye simu ya baba mdogo. Nikakitafuta Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, nikashuka mpaka Udaktari wa Kinywa na Meno, miaka mitano. Sifa za kuingia: ufaulu wa ngazi kuu katika masomo matatu, ambayo ni Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikarudi juu nikasoma upya, nikidhani nimeruka mstari. Nikaangalia na Udaktari wa binadamu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Jiografia, ile A yangu, haikuwepo popote.

Nataka msomaji uelewe maumivu ya hapo yalivyo. Kufeli ningekuelewa, ningelia yakaisha. Mimi nilikuwa nimefaulu. Nilikuwa na pointi 13 mkononi, na mwenzangu wa PCB mwenye pointi chache kuliko mimi aliruhusiwa angalau kuomba, mimi hata kuomba siruhusiwi.

Usiku ule sikulala, nikashika simu nikatafuta kwa Kiingereza namna ya kuchagua masomo kabla ya kuomba chuo cha meno. Ushauri uliokuja ulikuwa mtamu ajabu. Unaanza na digrii ya kwanza ya miaka minne, ya chochote unachopenda. Humo ndani unachagua kozi zinazotakiwa: biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia, kila moja na maabara yake. Kisha unafanya mtihani unaoitwa DAT, unaomba, unasoma miaka minne mingine. Nikapumua. Kumbe bado muda upo! Nitaingia chuo chochote na pointi zangu 13, fizikia nitaichukua mwaka wa kwanza kama somo la ziada.

Asubuhi nikampigia mwalimu wangu wa biolojia wa kidato cha sita. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu: "Hao waliokushauri wako nchi gani?" Nikaangalia. Marekani wote.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, kwa hiyo niseme polepole. Marekani udaktari wa meno ni kitu cha kusomea baada ya digrii. Kwa hiyo kijana wa kule anachagua masomo ya maandalizi akiwa chuoni, ana miaka 19 au 20, ana mshauri wa masomo, na akikosea semista hii anarekebisha semista ijayo. Sisi mfumo wetu umefuata wa Uingereza: unatoka kidato cha sita unaingia moja kwa moja kwenye miaka mitano ya udaktari. Ina faida yake, unamaliza mapema na kwa gharama ndogo. Lakini maana yake ni kwamba masomo ya maandalizi ni ile kombi. Unachagua kozi za kuingilia chuo cha meno ukiwa na miaka 16 au 17, umekaa kwenye dawati, pengine shule haina mwalimu wa somo lenyewe, na hakuna aliyekwambia kwamba unachagua.

Mwalimu akanipa njia tatu, nami nazirudia hapa kwa faida ya aliyekwama kama nilivyokwama. Ya kwanza: rudi ukaisome fizikia ya kidato cha tano na sita, ufanye mtihani upya. Ya pili: kubali pointi zako, soma digrii inayozitaka, uwe mtu mzuri huko. Ya tatu: stashahada ya utabibu wa meno. Hii ya tatu sikuwahi kuisikia. Ni miaka mitatu, unatoka tabibu wa kinywa na meno, unaweza kufanya kazi, na ukifaulu vizuri unaruhusiwa kuomba udaktari wenyewe. Inaangalia matokeo ya kidato cha nne. "Fizikia kidato cha nne ulipata nini?" akaniuliza. Nikasema kwa sauti ya chini, D. Akacheka. "Basi hiyo D ndiyo itakayokuingiza, siyo hiyo A ya jiografia."

Nikaenda stashahada. Nyumbani haikupokelewa vizuri. Kwa baba, mtu aliyemaliza kidato cha sita na pointi 13 kwenda kusoma stashahada pamoja na waliotoka kidato cha nne ni kurudi nyuma, na kwa kweli darasani nilikuwa dada yao wote. Ng'ombe mmoja aliuzwa kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza, na kila likizo nilipopita kwenye lile zizi niligeuza uso. Laiti ningejua, ningeiomba stashahada hiyo mwaka 2017 na D ileile, na ile miaka miwili ya CBG nisingeitumia. Wenzangu walioanza udaktari 2019 walimaliza 2024. Mimi niliingia 2022, sasa niko mwaka wa nne.

Na unadhani nilikuta nini ndani? Fizikia. Ilikuwa inanisubiri.

Siku ya kwanza kushika vifaa vya kung'olea jino, mwalimu alichora wenzo ubaoni: egemeo, mzigo, nguvu. Jino halivutwi kwa misuli, linalegezwa kwa kanuni ile ile ya mtaimbo unaong'oa jiwe shambani. Ukikosea egemeo unavunja mfupa wa taya au unalegeza jino la jirani lisilo na kosa. Mashine ya kutobolea inazungushwa na hewa iliyoshindiliwa, zaidi ya mizunguko laki moja kwa dakika, na bila maji ya kupoza, joto la msuguano linaua kiini cha jino. Dawa ya kuzibia inagandishwa kwa mwanga wa buluu. Na ile dawa ikitanuka zaidi ya jino kila mgonjwa anapokunywa chai ya moto, pembeni panafunguka ufa na uozo unarudi. Eksirei ndiyo usiseme. Kila nilichokikimbia kwenye dawati la kidato cha nne nilikikuta kimefungwa kwenye kiti cha mgonjwa.

Kemia nayo hivyo hivyo. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari wanatoa asidi, na pH ikishuka chini ya kama 5.5 gamba la nje la jino linaanza kuyeyuka. Ukijua hilo unaelewa kwa nini mtu anayekunywa soda moja kwa kuonja siku nzima anaumia kuliko anayeimaliza kwa mara moja. Biolojia inakwambia ni lini jino gani linaota. Nikiwa stashahada, mama mmoja alimleta mtoto ambaye nafasi za chonge ziko wazi. Alipokuwa mchanga alipata homa na kuharisha, wakamwambia ana meno ya plastiki, fizi zikachanwa na vile vijino vichanga vikatolewa. Hakuna meno ya plastiki. Kilichotolewa kilikuwa chonge changa za mtoto, na ugonjwa wake ulihitaji maji ya chumvi na sukari na kupelekwa kituo cha afya. Kumweleza mama huyo bila kumfanya ajisikie muuaji, hilo halimo kwenye kombi yoyote.

Nilisema nitarudi kwenye CBG. Mwaka jana tulisoma meno ya kahawia, yale mnayoyaona kwa baadhi ya wenzetu wa Arusha na kuzunguka Mlima Meru, ambao mtaani wanataniwa kwamba hawapigi mswaki. Ni madini ya floraidi kwenye maji ya kunywa, yakizidi wakati meno ya mtoto bado yanajengwa ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mhadhiri akauliza kwa nini ukanda ule na siyo mwingine. Darasa kimya. Nikanyoosha mkono nikaeleza miamba ya volkano, Bonde la Ufa, na maji ya chini ya ardhi yanavyokaa kwenye mwamba yakabeba madini. Mwenzangu wa PCB akanigeukia: "Umeyatoa wapi hayo?" Nikamwambia kwenye ile A yangu.

Kwa hiyo siwezi kusema CBG ilikuwa takataka. Jiografia nilisoma na bado ninayo. Ninachosema ni kwamba mlango wa udaktari wa meno hauna tundu la jiografia, na ufunguo ukishachongwa ni kazi kweli kuuchonga upya.

Sasa, nilimjibu nini mdogo wangu? Nilitaka kumwandikia "PCB" nimalize. Halafu nikasita. Kama shule haina mwalimu wa fizikia, nikimwambia jaza PCB na akaingia kidato cha tano bila msingi, anaweza kutoka na S au F ya fizikia. S siyo ufaulu wa ngazi kuu. Hapo nitakuwa nimempeleka mahali pabaya kuliko nilipokwenda mimi, maana mimi angalau pointi nilikuwa nazo. Ushauri wa "jaza PCB" ni rahisi kuutoa ukiwa Upanga.

Nikampigia. Tulianza na nauli za kupanda Ugweno na mvua za masika, kama kawaida, kisha nikamwambia tuanzie mlangoni turudi nyuma. Nikamtumia ukurasa wa mwongozo wa TCU wenye udaktari wa meno, nikamwambia ausome mwenyewe kwa sauti. Akafika kwenye fizikia akanyamaza. "Kwa hiyo CBG haifiki?" "Haifiki kwa njia hiyo." Nikamtumia na sifa za stashahada, nikamwonesha kwamba huko kidato cha nne ndicho kinachoangaliwa: kemia, biolojia, fizikia. Na ukija kuomba udaktari ukitokea stashahada, matokeo hayohayo ya kidato cha nne yanaangaliwa tena, pamoja na hisabati na Kiingereza. Kwa maneno mengine, fizikia ya kidato cha nne haikwepeki kwa njia yoyote. Hata D yake ina kazi. F haina.

Nikamkumbusha pia kwamba fomu ya shuleni siyo hukumu ya mwisho. Matokeo yakitoka, mfumo wa TAMISEMI huwa unafunguliwa kwa muda mtu abadilishe tahasusi kulingana na alama alizopata. Sisi tulijaza tukasahau. Na siku hizi tahasusi zenyewe ni nyingi: mwaka 2024 serikali iliziongeza kutoka 16 hadi 65. Ni jambo zuri, lakini kombi zikiwa nyingi, njia za kupotea nazo zimeongezeka, na yule mtoto wa dawatini bado hana wa kumuuliza.

Alinisikiliza, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Dada, wewe unanionesha karatasi. Mwalimu bado hayupo."

Nilikosa jibu. Alikuwa amesema kweli tupu.

Tangu siku hiyo, Jumanne na Ijumaa saa tatu usiku, namtumia sauti za dakika tano tano kwa WhatsApp, na picha za daftari. Tumeanza na wenzo, maana huo naujua kwa mikono. Anakaa na wenzake watatu kwenye ngazi za duka ambapo mtandao unashika, wanasikiliza kwa simu moja. Umeme bado unawasumbua, na mimi mwenyewe nimelazimika kufungua kitabu cha kidato cha tatu usiku wa kuamkia kliniki. Mwenzangu wa chumba anasoma famasia, ameahidi kuwachukua kwenye kemia.

Ninachoomba kwa mnaosoma hapa ni kidogo. Likizo hii wengi tunapanda mabasi kurudi Mwanga, Same, Songea, Kigoma. Pakua mwongozo wa udahili wa mwaka huu, siyo wa mwaka wako, kwa sababu sifa hubadilika. Pita shule uliyosoma, omba nusu saa na kidato cha nne, waambie wataje kazi wanazozitaka, halafu kila mmoja asome mwenyewe mstari wake. Ukikuta somo halina mwalimu na wewe ulilifaulu, acha namba ya simu.

Jana usiku mdogo wangu ametuma matokeo ya jaribio la mwezi. Fizikia 38. Mwezi uliopita ilikuwa 21. Fomu ameshairudisha, na hakuniambia alichojaza. Sikumuuliza. Nimemtumia sauti ya leo: mzunguko wa umeme, sehemu ya pili.